Karavani ya Aluminiumu: Kung'aa Kuna Kipimo

Katika kambi zetu za wafanyakazi, toka Kipushi mpaka Kolwezi, mama wa nyumba anajulikana kwa sufuria zake. Akizianika nje asubuhi, nazo zinang'aa sawa kioo, majirani wanasema: "Huyu njo mama kweli." Majivu, mchanga kidogo, kipande cha gunia na mkono wenye nguvu, kazi imekwisha. Hakuna anayejiuliza sufuria inapungua kiasi gani kila siku. Lakini inapungua. Mwisho wake tunaujua sisi wote: siku moja maji yanazima moto, na mama anamtuma mtoto kwa fundi wa kuziba matundu.

Leo ninapenda kuwaeleza juu ya chombo kingine cha aluminiumu, kikubwa kuliko sufuria, ambacho watu wa Marekani wanakisugua kwa bidii ile ile. Ni karavani ndogo ya kulala safarini. Mwaka 2022 nilikaa majuma matatu karibu na moja, mu lupango ya wazee wawili wa jimbo la Ohio waliotupokea, mimi na mwenzangu mmoja. Mchana tulimsaidia baba wa nyumba kazi yake. Jioni mikono yetu ilikuwa myeusi sawa ya watu wa makaa. Niliyoyaona pale yanafaa kusimuliwa, hasa kwa vijana wanaojifunza kazi ya chuma na mabati.

NYUMBA INAYOVUTWA NA MOTOKARI

Karavani ni nyumba ndogo yenye magurudumu. Inafungwa nyuma ya motokari, inavutwa. Ndani kuko kitanda, meza, jiko la gazi, na pengine choo. Watu wa kule wanaitumia wakati wa konje: wanakwenda ziwani au mlimani, wanasimama chini ya miti, wanalala humo na watoto wao.

Karavani nyingi zimejengwa kwa mbao na bati lenye rangi. Lakini kuko aina moja ya aluminiumu tupu, pasipo rangi, mviringo sawa yai, inayong'aa mpaka unajiona uso wako. Asili yake ni ndege. Fundi mmoja jina lake Hawley Bowlus alisimamia ujenzi wa ndege ile iliyoitwa Spirit of St. Louis, ambayo Charles Lindbergh aliirusha peke yake toka New York mpaka Paris mwaka 1927. Mwaka 1934 Bowlus alitoa karavani iliyotengenezwa vile vile sawa ndege: mabati membamba ya aluminiumu yaliyofungwa kwa riveti. Kiisha mtu mwingine, Wally Byam, aliendelea na mfano huo. Kampuni yake Airstream ilitoa karavani ya Clipper mwaka 1936, kwa bei ya dolari 1.200, na tangu 1952 ilikuwa na usini katika mji mdogo wa Jackson Center, kule kule Ohio. Hata watu watatu wa Apollo 11, waliporudi toka mwezini mwaka 1969, walifungiwa kwanza ndani ya karavani ya kampuni hiyo iliyogeuzwa, ili madaktari wahakikishe hawakuleta ugonjwa.

Karavani hizi zilifika hata kwetu. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa karavani 41 toka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Kongo ya Wabelgiji, miezi michache tu mbele ya Uhuru wa 30 Juni 1960. Walionana na mfalme Haile Selassie kule Addis Ababa, na mwaka 1960 walipigwa picha mbele ya piramidi za Misri. Wazee wetu walioona nyumba za fedha zikivutwa barabarani walikuwa na cha kusimulia! Mwaka 1961 kampuni ilitoa karavani ndogo ya futi 16, karibu mita 5, ikaiita Bambi. Wenyewe wanasimulia kwamba jina lilitoka kwa lugha ya watu wa Angola, neno ombambi, maana yake swala mdogo. Wale kati yetu wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wa Angola watajua kama Waamerika walisikia vizuri.

Ya mwenyeji wetu ilikuwa ya namna hiyo, ya mwaka 1963. Yeye na mama waliinunua tayari nzee, wakazunguka nayo miaka mingi. Sasa ilikuwa inasimama chini ya mti, kijivu sawa sufuria iliyosahauliwa mvuani.

JUU YA NINI WALITAKA ING'AE

Mama wa nyumba alikuwa ameugua sana mwaka uliotangulia. Alipona, lakini deni la hospitali lilibaki. Binti yao mkubwa njo alikuwa akilipa kila mwezi kwa mshahara wake, naye ana watoto wawili. Basi wazee waliona karavani iuzwe. Mtu wa jimbo la jirani alikuwa ameiona kwa picha. Alisema: "Kama ilivyo, ninatoa dolari elfu kumi na mbili. Kama iking'aa sawa kioo, ninatoa elfu ishirini. Nitakuja kuichukua kisha majuma matatu."

Dolari elfu nane kwa kusugua! Nilimwambia mwenzangu, kwetu vijana wangepanga mstari toka usiku.

Lakini Mzee hakushika kitambaa siku ya kwanza. Alishika turnavisi. Aliingia ndani, akainua mbao za kitanda kule nyuma, akapiga magoti, akaanza kuchoma sakafu pole pole kufuata ukuta. Sakafu ya karavani hizi ni mbao ya tripleksi. Toka mlangoni mpaka katikati, turnavisi iligonga: to, to, to. Kule nyuma kabisa, chini ya dirisha, iliingia yote sawa katika bukari.

Maji. Yalikuwa yakiingia juu ya dirisha na kando ya taa ya nyuma, pahali gundi ya zamani ilikauka na kupasuka, yakateremka ndani ya ukuta miaka na miaka pasipo mtu kuyaona. Mzee alinieleza hatari yake kwa kunichorea mu vumbi. Kiingereza changu ni cha kuokota, lakini kazi ya mkono haiombi maneno mengi. Chini kuko chasi ya chuma. Juu kuko ganda la aluminiumu. Kati yao kuko sakafu, na bulo zinapita ndani yake kufunga vyote pamoja. Sakafu ikioza upande wa nyuma, ganda linaachana na chasi. Linaanza kuruka-ruka kila motokari inapopita shimo, riveti zinakatika, na siku moja katika barabara kubwa kilo mia nyingi zinaning'inia juu ya vitu vichache vilivyobaki.

Jioni hiyo kulikuwa mazungumzo mezani. Binti alikuja kisha kazi. Alisema wazi, pasipo kuficha:

"Baba, mtu yule anataka kung'aa. Tuna siku ishirini. Ukifungua sakafu hautamaliza kusugua. Weka kapeti juu, sugua nje, auzwe."

Mzee alinyamaza. Binti yule si mtu mbaya, wasomaji wangu. Ndiye aliyekuwa akipokea barua za deni. Mama ndiye aliyejibu toka kiti chake: "Atalala humo na watoto wake, sivyo?" Binti alitazama sahani yake. Mzee aliinuka, akaenda kutafuta msumeno.

SHABA NDANI YA ALUMINIUMU

Mbele ya kueleza kazi, acheni nieleze kile kitu chenyewe, maana hapa njo siri yote.

Aluminiumu ni nyepesi. Kipimo kimoja cha maji kikiwa kilo moja, kipimo hicho hicho cha aluminiumu ni kilo 2,7, cha chuma karibu 7,8, na cha shaba karibu 8,9. Ndiyo sababu ndege zinaitumia. Lakini aluminiumu safi ni laini, inapinda upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba ukichanganya aluminiumu na shaba, karibu sehemu 4 kwa 100, kiisha ukaipasha moto na kuipoza upesi, inakuwa ngumu yenyewe siku zinazofuata. Basi kijana wa Likasi au Kolwezi asiseme vitu hivi ni vya wengine: pasipo shaba ndege hazingekuwa na ngozi ya namna ile.

Lakini kila kitu kina bei. Ile shaba inayotia nguvu inafanya pia bati liliwe upesi na maji ya chumvi na unyevu. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 mainjinia wa Marekani walipata dawa: walifunika bati gumu kwa ngozi ya aluminiumu safi, huku na huku, sawa mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Bati hilo linaitwa Alclad. Nguvu iko katikati. Kinga na kung'aa viko juu.

Sasa tufanye hesabu. Bati la karavani hizi lina unene wa karibu milimita 0,8. Ngozi safi ya kila upande ni karibu sehemu 5 kwa 100 ya unene huo. Ni milimita 0,04. Unywele wa kichwa unaweza kuwa mnene kuliko hapo. Kung'arisha ni kutoa: mashine na pomadi vinakata vilima vidogo vya bati mpaka uso unakuwa sawa, na mwangaza unarudi wote upande mmoja. Ule weusi unaotia mikono si uchafu wa barabara paka. Ni aluminiumu yenyewe, imekuwa unga, imechanganyika na pomadi.

Kando ya mlango kulikuwa pahali sawa ukubwa wa sinia ambapo mtu wa zamani, mbele ya Mzee kununua, alipitisha karatasi ya emeri kwa nguvu ili aondoe mikwaruzo. Alitoboa ngozi. Pale bati lilikuwa na rangi ya majivu na vidoadoa. Ukilisugua linang'aa kidogo, kisha mwezi linafifia, maana umefika kwa bati lenye shaba. Mzee aliweka kidole pale, akaniambia: "Pasta, ngozi hii haina akiba. Ikiisha, imeisha."

KAZI YENYEWE

Siku nane za kwanza hatukung'arisha chochote. Tulikata tripleksi iliyooza, tukaweka mpya ya milimita 16, tukapaka kingo zake epoksi ili zisinywe maji tena, tukafunga bulo mpya. Kule nje tulitoa gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki, si kwa kisu, maana kisu kinaacha alama isiyotoka. Riveti zilizolegea tulizitoa na kuweka nyingine za aluminiumu. Kiisha tuliziba mishono kwa gundi ya poliuretani, ile inayobaki laini na kufuata bati likinyooka kwa jua na kujikunja kwa baridi. Silikoni Mzee alikataa kabisa. Inashika vibaya katika mishono hii, inaacha mafuta juu ya bati, na kesho hakuna gundi nyingine itakayoshika pale.

Kiisha maji. Tuliosha ganda lote kwa maji na sabuni nyepesi, toka juu kushuka. Wamama, sikilizeni hapa: majivu hapana. Maji ya majivu ni makali, yanakula ule utando mwembamba ambao aluminiumu inajitengenezea yenyewe ikikutana na hewa. Soda kali ya kutengenezea sabuni ni mbaya zaidi, inakula aluminiumu mpaka inatoa mapovu. Mchanga unakwaruza. Na sufu ya chuma inaacha vipande vidogo vya chuma ndani ya bati, vinashika kutu, na kila kimoja kinachimba shimo lake.

Tangu katikati ya miaka ya 1960 kampuni ilikuwa ikipaka karavani zake varnishi isiyo na rangi. Ya Mzee ni ya mbele ya hapo, lakini mwenyewe wa zamani aliipaka ya kwake, nayo ilikuwa ikibanduka sawa ngozi ya nyoka. Huwezi kung'arisha juu ya varnishi, lazima itoke yote. Tulitumia dawa nzito sawa uji, tukavaa glavu na miwani, tukafanya kazi nje penye upepo. Vijana mkumbuke: dawa nyingi za zamani za kutoa rangi zilikuwa na methilini kloridi. Mvuke wake umeua watu waliofanya kazi pahali palipofungwa, na mwaka 1999 haikuwa ajabu kuzikuta dukani, lakini mwaka 2019 serikali ya Marekani ilikataza zisiuzwe kwa raia kwa kazi hiyo. Ukikuta kopo nzee la namna hiyo kwa fundi, ujue unalocheza nalo.

Sasa zilibaki siku tisa. Mzee aligawa kazi hivi.

Kwanza pomadi ya kukata, na mashine inayozunguka yenye kitambaa cha sufu. Unachukua pomadi kidogo sana, vidoa sawa mbegu za mahindi, unaviweka juu ya bati pahali pa sentimita 60 kwa 60. Hapo paka. Unafuata mstari wa bati, maana bati limetoka usini na nyuzi zake sawa mbao. Mashine isisimame pahali pamoja: bati ni jembamba, linapata moto, linavimba, na kovu lake halitoki. Uso unakuwa mweusi kwanza, kiisha weusi unapungua, na chini yake kunatokea kioo. Ukiona hivyo, acha. Kuendelea ni kutoa ngozi bure.

Pembeni pa bati ni hatari. Mashine ipite toka katikati kwenda nje, isikutane na ukingo uso kwa uso, ama itaushika na kuupinda. Kuzunguka riveti tulisugua kwa mkono, kitambaa kimefungwa juu ya kidole. Kule mbele na nyuma, pahali mabati yamekatwa sawa vipande vya chungwa na kushonwa pamoja, kazi ilikwenda pole sana. Hatukufanya kazi juani, maana pomadi inakauka mbele haijakata. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tukapumzika saa tano, tukarudi kivulini saa kumi.

Kiisha pomadi laini, kwa mashine nyingine yenye vichwa viwili vinavyozunguka pamoja na kutikisika. Hii inaondoa alama za duara zilizoachwa na mashine ya kwanza. Pasipo hatua hii karavani inang'aa kwa mbali, lakini jua likiipiga unaona utando wa buibui.

Mwisho tulitoa mabaki. Mama wa nyumba alitoka na kopo la unga laini wa mahindi, ule wa kuongezea mchuzi uzito. Nilifikiri analeta chakula. Kumbe unga unaombwa na karavani! Unanyunyiza juu ya kitambaa laini, unapitisha, nao unanywa mafuta ya pomadi yaliyobaki. Mwenzangu alicheka mpaka machozi: "Pasta, huku hata karavani inakula bukari."

Saa zetu, watu watatu, zilikuwa karibu 60 kwa karavani ile ndogo. Zile kubwa za mita saba au nane zinapita saa 100 kwa urahisi.

Siku ya nane ya kusugua binti alikuja mapema. Upande mzima wa kushoto ulikuwa kioo. Aliona kile kidonda cha emeri kando ya mlango, akamwuliza baba yake kama hawezi kupita tena mara moja au mbili hapo, ili kifanane na kwingine kwa siku ile moja tu ya mnunuzi. Mzee alimjibu: "Ninaweza. Kitafanana siku ile moja." Alizima mashine, akaiweka chini. Kiisha alichukua karatasi, akaandika: tarehe, sehemu ya sakafu iliyobadilishwa, mishono iliyozibwa, gundi iliyotumiwa, kwamba bati limepitishwa mara mbili, moja ya kukata na moja laini, na kwamba kando ya mlango ngozi imeisha, isisuguliwe kwa mashine tena. Alibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati. Alikuwa amesahau kipimo cha tripleksi. Binti alisoma, akanyamaza kidogo, kiisha alichukua kalamu na kukiongeza kwa mkono wake mwenyewe.

SIKU YA MNUNUZI

Alifika na mke na vijana wawili. Watoto walikimbia moja kwa moja kujitazama katika bati na kutoa ndimi. Bwana yule alizunguka mara mbili, ameridhika, mkono ulikuwa tayari mfukoni. Hapo Mzee alimwita ndani, akainua kitanda, akamwonyesha tripleksi mpya na pahali maji yalipopita. Akamtoa nje, akamwonyesha kidonda. Akamfungulia kabati asome karatasi.

Mnunuzi alikawia. Alichukua taa, akalala chini, akatazama chasi. Aliporudi alisema sakafu iliyofunguliwa inamtia wasiwasi, na doa la mlangoni linaonekana. Angetoa elfu kumi na saba na mia tano. Mzee alimtazama mama, mama aliinamisha kichwa, wakakubali.

Kwa hiyo zilipungua dolari elfu mbili na mia tano. Deni la hospitali halikuisha lote, lilibaki kidogo, na binti aliendelea kulipa miezi iliyofuata. Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba simu ililia usiku na mtu akatoa kilichobaki. Haikulia. Usiku huo binti aliosha sahani pamoja na mimi, akaniuliza kwetu watu wanafanya namna gani deni la hospitali likibaki. Nilimweleza juu ya mchango wa familia, na juu ya wagonjwa waliopona ambao hawaruhusiwi kutoka mpaka ndugu walete makuta. Hakujua. Tulizungumza mpaka saa sita.

KUTUNZA KISHA KUNG'ARISHA

Mnunuzi mbele ya kuondoka aliomba mashauri, na Mzee alimpa haya, nami niliyaandika.

Oshea kwa mkono, maji na sabuni nyepesi, kitambaa laini. Mashine za kuoshea motokari zenye burashi hapana. Ukitoka karibu na bahari, au barabara iliyonyunyizwa chumvi wakati wa baridi, suuza siku ile ile. Chumvi inaingia kwenye kingo za mabati na kuzunguka riveti, inachora mistari mieupe sawa njia za minyoo. Mistari hiyo ikianza ni vigumu kuisimamisha. Mafuta ya kuzuia kutu yapakwe kwenye kingo hizo.

Pomadi laini mara moja kwa mwaka inatosha, kwa wepesi. Pomadi ya kukata usiishike tena miaka mingi.

Usifunike karavani kwa plastiki inayobana. Unyevu unabaki ndani, na bati linashika madoa. Iwe chini ya paa penye hewa. Chini ya mti si pazuri: utomvu na mavi ya ndege vinauma bati.

Kila mwaka tazama mishono mbele ya majira ya mvua, na uchome sakafu kwa turnavisi kufuata ukuta.

Usiache shaba iguse aluminiumu penye maji. Metali mbili tofauti na maji kati yao ni betri, na aluminiumu njo inaliwa. Chuma cha kawaida pia, weka kipande cha plastiki au mpira kati yao. Hili mafundi wa umeme wa migodi wanalijua vizuri. Wakiunganisha waya wa shaba na wa aluminiumu wanatumia kiungo cha pekee, si kuzisokota pamoja kwa vidole.

Vijana, hatuna karavani kwetu. Lakini tazameni pande zote: madirisha na milango ya aluminiumu inajengwa kila mtaa wa Lubumbashi, kuko masanduku ya kamio, ngazi, na antena juu ya nyumba. Anayejua kwamba aluminiumu haiguswi na soda kali wala majivu, kwamba mshono unazibwa mbele ya uso kusuguliwa, na kwamba shaba na aluminiumu hazilali kitanda kimoja penye mvua, huyo atapata kazi pale wengine wanapoharibu. Na ukimaliza kazi ya mtu, mwandikie karatasi: umefanya nini, wapi, na pahali gani pana ubovu uliouacha. Fundi atakayefungua kisha wewe atakushukuru, hata kama hakujui jina.